Breki ya mdomo wa bunduki: inamsaidia nani, inamuumiza nani

Huku Lushebere, na katika vijiji vingine vya barabara ya kwenda Masisi-centre, mtoto wa miaka kumi anaweza kukuambia kwa sikio tu ni silaha gani imelia. Si sifa ya kujivunia, lakini ndivyo tulivyo. Sasa muulize yule mtoto, au hata baba yake, juu ya kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa mwisho kabisa wa mtutu, kile ambacho kwenye Kalash nyingi kimekatwa mshazari kama ncha ya muanzi. Hapo kila mtu anakuja na lake. Huyu anasema kinasukuma masasi yaende mbali. Yule anasema kinazima sauti. Wa tatu anasema ni urembo wa kiwandani, hakina kazi.

Wote watatu wamekosea. Na kosa la sauti ndilo baya zaidi, maana linamfanya mtu asimame pahali ambapo hapaswi kusimama.

Kabla ya kuendelea, neno moja. Ukurasa huu hauzungumzii nani anabeba bunduki gani wala kwa upande gani. Na tafadhali, ukisha kusoma hapa, usiende kwa mtu mwenye silaha kumuuliza akuonyeshe, wala usitoe telefone kupiga picha mdomo wa bunduki yake. Tunajua wote namna mambo hayo yanavyoishia.

Turudi kwenye chuma chetu. Kwa Kifaransa inaitwa "frein de bouche", yaani breki ya mdomo, na mafundi wetu wengi watasema freni. Jina hilo linadanganya kidogo, kwa sababu haifungi risasi wala haiipunguzi mwendo. Inachofunga ni teke. Bunduki ikilia, risasi inakwenda mbele na bunduki yenyewe inarudi nyuma, inampiga mwenye kuishika begani. Watu wengi wanafikiri teke hilo linatoka kwa risasi peke yake. Hapana. Baruti ikiungua inageuka gesi, na gesi hiyo ikitoka mdomoni inakimbia kupita hata risasi yenyewe. Nayo inasukuma bunduki nyuma, sawa na vile pulizo lililofunguliwa mdomo linavyoruka.

Chukua risasi ya kawaida ya Kalash, ile ya milimita 7,62 kwa 39. Chuma kinachoruka kina uzito wa gramu karibu 8, na kinatoka kwa mwendo wa zaidi ya metre 700 kwa sekunde. Baruti ndani ya ganda ni gramu moja na nusu hivi. Ukipiga hesabu, gesi ya baruti hiyo inaleta kama robo ya teke lote. Kwa risasi ndogo ya 5,56, ambayo chuma chake ni gramu 4 tu lakini baruti yake haipungui ile ya Kalash, sehemu ya gesi inakaribia theluthi. Hapo ndipo breki inapopata kazi. Risasi haiwezi kuguswa, ila gesi inaweza kugeuzwa njia.

Ukitaka kuelewa, weka kiganja chako mbele ya mdomo na upulize kwa nguvu. Pumzi inagonga kiganja, halafu inatawanyika kwenye mashavu na masikio yako. Kiganja kinasukumwa mbele. Breki ya mdomo inafanya vilevile: ina kuta na matundu, gesi inagonga zile kuta, inazisukuma mbele pamoja na bunduki yote, kisha inatoka pembeni au inarudi kidogo nyuma. Bega la mwenye kupiga linapata nafuu. Lakini angalia pumzi ilikwenda wapi. Ilikwenda kwa mashavu. Ile nguvu haikupotea, ilihamia kwa walio pembeni.

Hiyo ndiyo habari yote ya breki, na yale mengine yanatoka humo.

Wahandisi wa mizinga kule Ulaya walianza kulijaribu jambo hili tangu karne ya 19, maana mzinga ukipiga ulikuwa unaviringika nyuma na askari walipaswa kuusukuma tena kila mara. Kwenye bunduki za mkono lilikuja baadaye. Afisa wa Marekani aliyeitwa Richard Cutts alitengeneza kipande chake miaka ya 1920, kikafungwa kwenye ile bunduki ya Thompson. Kazi yake haikuwa teke la bega, ilikuwa kuzuia mdomo usipande juu wakati bunduki inapiga mfululizo.

Na hapa lazima tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya, hata watu wa silaha wenyewe. Cha kwanza ni breki tuliyoeleza, ya kupunguza teke la nyuma. Cha pili kinaitwa kompensata: hicho kinapeleka gesi juu ili mdomo ushuke, usirukeruke. Cha tatu ni kizima-mwali, ambacho mara nyingi kina nafasi ndefu kama ngome ya ndege. Chenyewe kinatawanya gesi ya moto ili isiwake tena ikikutana na hewa, na hivyo ule mwanga wa usiku unapungua. Kipande kimoja kinaweza kuchanganya kazi mbili, lakini mara nyingi ukipata hiki unapoteza kile. Breki nzuri kwa teke kwa kawaida inaongeza mwali, kwa sababu inaichanganya gesi na hewa upesi.

Sailensa, au silansie kama tunavyosema huku, ni kitu kingine kabisa. Ni mkebe mrefu, mara nyingi unapita urefu wa kiganja, wenye vyumba ndani. Nayo pia haimalizi sauti, inaipunguza tu. Kile kipande kifupi cha Kalash si silansie na hakijawahi kuwa.

Kalash za kwanza, za mwaka 1949, hazikuwa na kitu mdomoni isipokuwa pete ya kulinda nyuzi za kufungia. Kalash nyingi zilizotengenezwa Uchina, ambazo Afrika yetu inazijua sana, zilibaki hivyo hivyo. Warusi walipotoa ile AKM mwaka 1959, baadaye wakaiwekea kile kipande cha mshazari. Ni kompensata, si breki. Mdomo wake wa chini umejitokeza na umeelekezwa kidogo upande, ili gesi itokee juu na kulia, na bunduki isukumwe chini na kushoto. Kwa nini hivyo? Kwa sababu bunduki ikipiga mfululizo mikononi mwa mtu wa mkono wa kulia, mdomo unapanda juu na kwenda kulia. Basi walioiunda walisawazisha. Kwa mtu wa mkono wa kushoto msaada huo ni mdogo, lakini jeshi halikumuuliza.

Breki yenyewe, kubwa, nene, yenye vyumba viwili, ilikuja na AK-74 mwaka 1974. Ile inapunguza teke sana, na kila aliyewahi kulala pembeni ya mtu anayeipiga anajua bei yake. FAL ya Wabelgiji, bunduki ndefu ambayo wazee wetu waliiona tangu zamani za Zaire, ina kizima-mwali. M16 ya Marekani pia. Na kwenye M16A2 walifunga matundu ya chini ya kile kizima-mwali, ili gesi isirushe vumbi wakati askari amelala, na pia ili isaidie kidogo kushusha mdomo. Unaona namna kitundu kidogo kinavyoweza kufikiriwa kwa muda mrefu na watu wazima.

Sasa, nani anachagua?

Kwetu, jibu la sheria ni fupi. Ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inayosimamia silaha na risasi nchini Kongo. Raia hawezi kuwa na silaha ya vita, na hata bunduki ya kuwinda inataka kibali cha serikali. Kwa hiyo raia wa Masisi au Walikale hana breki ya kuchagua. Yule mwindaji wa msitu wa Walikale mwenye kalibri 12 na karatasi zake, mtutu wake kwa kawaida ni laini mpaka mwisho na hahitaji kitu hiki.

Kwa wenzetu ambako raia anaruhusiwa bunduki inayojipakia yenyewe, yaani ile ambayo kila ukivuta kiwashio inatoa risasi moja na kujiwekea nyingine, uchaguzi huo ni biashara kubwa. Marekani, kwa mfano, maduka yanauza aina nyingi sana. Na inachekesha kujua kwamba sehemu ya umaarufu huo ilitoka kwa sheria. Toka mwaka 1994 mpaka 2004 Marekani ilikuwa na sheria ya taifa iliyozuia bunduki mpya za aina hiyo zikiwa na mchanganyiko wa alama fulani, na kizima-mwali kilikuwa mojawapo ya alama hizo. Breki haikutajwa. Basi viwanda vilifanya nini? Viliondoa vizima-mwali na kufunga breki. Sheria ilitafuta kupunguza hatari, ikaishia kuongeza kelele.

Mtu wa huko anayefuata sheria, akitaka kuchagua sawasawa, anapaswa kuanza na swali ambalo wauzaji hawalipendi: je, ninaihitaji? Bunduki ya risasi ndogo tayari ina teke dogo, na utaratibu wa kujipakia wenyewe unatandaza teke hilo kwa muda mrefu kidogo. Kwa bunduki nzito ya risasi ndogo, breki inaleta faida ndogo na kelele kubwa. Kwa risasi yenye baruti nyingi faida ni ya kweli. Mwenye kushindana kwa mchezo wa shabaha, ambaye anataka mdomo utulie ili apige tena upesi, anafaidika. Mwindaji anayepiga mara moja kwa siku, akiwa na mwenzake anayemwonyesha mnyama pembeni, angefanya vizuri kuiacha nyumbani.

Swali la pili ni nani atakaa pembeni. Kwenye viwanja vya shabaha watu wenye breki mara nyingi wanapelekwa mwisho wa mstari, au wanaombwa kumwonya jirani kabla ya kupiga. Matundu ya pembeni yanampiga jirani wa kushoto na wa kulia. Matundu ya juu yanapeleka moto mbele ya macho ya mpigaji mwenyewe usiku. Matundu ya chini yanapandisha vumbi. Matundu yaliyoinamia nyuma yanapunguza teke kuliko yote, na ndiyo yanayomrudishia mpigaji sauti yote usoni. Hakuna tundu la bure.

Halafu kuna kipimo. Nyuzi za kufungia hazifanani: AKM inafungwa kinyume, kwa kushoto, wakati AK-74 na M16 zinafungwa kulia kama buloni ya kawaida, na vipenyo vyao ni tofauti. Kipande kikikaa kombo hata kidogo, risasi inagusa ukuta wake wakati wa kutoka. Hapo breki inaweza kupasuka, au risasi ikaenda kando na pale ilipolengwa. Ndiyo maana kipande kilichochongwa kienyeji ni hatari kwa mwenye kukishika na kwa kila aliye karibu. Tunalisema hili kwa mafundi wetu wa vyuma pia: mtu akikuletea kazi ya namna hiyo, sheria haikukingi, na ikipasuka hautasema haukujua.

Kimataifa, sheria imefika karibu na jambo hili lakini haijaligusa sawasawa. Itifaki ya Umoja wa Mataifa juu ya silaha ndogo, ya mwaka 2001, inahesabu kama sehemu za silaha vitu kama mtutu na vifaa vya kupunguza sauti. Breki haikutajwa, kwa sababu bunduki inalia vizuri tu bila breki. Mkataba wa nchi za Afrika ya Kati, uliopitishwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kazi tarehe 8 Machi 2017, ni mpana zaidi: jina lake lenyewe linataja risasi na sehemu zote zinazoweza kutumika kutengeneza, kukarabati au kuunganisha silaha. Wachunguzi wanaofuatilia silaha zinatoka wapi wanaangalia mdomo pia, ila hawauamini peke yake, maana kipande hiki kinafunguliwa na kubadilishwa. Alama na nambari zilizochongwa kwenye chuma ndizo zinazosema zaidi.

Lakini haya ya sheria ni ya mbali. Kinachotugusa sisi ni masikio.

Sauti ya bunduki ya vita karibu na mdomo wake inapita desibeli 150, na mara nyingi inafika 160. Wataalamu wa afya wanaweka desibeli 140 kama mpaka kwa sauti ya kupasuka ghafula. Juu ya hapo mlio mmoja tu unaweza kuharibu sikio. Breki inaongeza desibeli kadhaa kwa aliye pembeni. Neno "kadhaa" linaonekana dogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama kilo za maharagwe: kila zikiongezeka 6, mkandamizo wa sauti unakuwa mara mbili.

Sasa fikiria motari kwenye barieri. Ana abiria nyuma, mama mwenye mtoto mgongoni. Mtu anapiga risasi hewani kutisha, metre moja tu pembeni yao. Mpigaji yuko nyuma ya mtutu. Motari, mama na mtoto wako pembeni, pale pale gesi inapotokea. Anayeumia masikio zaidi si yule aliyepiga. Na ile risasi ya hewani itashuka pahali fulani, lakini hiyo ni habari nyingine.

Dalili zake zinajulikana: masikio yanalia kama nzige, watu wanasikika kama wako ndani ya pipa, kichwa kinazunguka. Mara nyingi inapungua baada ya saa au siku chache, na mtu anasema amepona. Ndani ya sikio, vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti vikikufa haviotii tena. Mtoto aliyepoteza sehemu ya kusikia anaonekana mkaidi shuleni, haitiki, anapigwa kwa kosa lisilo lake. Ikikupata, usimwage mafuta wala maji wala dawa ya majani ndani ya sikio, kwa sababu ngoma ya sikio ikiwa imepasuka utaingiza uchafu ndani. Nenda kituo cha afya, hasa kama kuna damu au usaha, au kama kusikia hakujarudi kesho yake. Hospitali Kuu ya Masisi, ambayo MSF wanaisaidia tangu 2007, inapokea majeruhi wa risasi kila wakati, lakini mwenye sikio mara nyingi anajiona hana haki ya kupanga mstari na mwenye kidonda. Anayo.

Ukiona mtu anaelekeza bunduki juu, usikimbilie mbele wala usibaki pembeni ya mdomo wake. Ziba masikio kwa viganja, na ya mtoto kwanza.

Jambo la mwisho ni mwelekeo wa sauti. Risasi ya Kalash inatoka ikiwa na mwendo wa mara mbili ya sauti. Kwa hiyo aliye mbele anasikia milio miwili: kwanza mkwaju mkali wa risasi ikipita hewani, halafu ule mshindo wa mdomo wa bunduki unaofuata nyuma. Ule wa kwanza unakudanganya, unaonekana umetoka pembeni yako wakati mpigaji yuko pengine kabisa. Ongeza milima ya Masisi inayorudisha sauti kutoka kilima hadi kilima, na breki inayotawanya mshindo pande zote, na utaelewa kwa nini watu wenye akili zao wamekimbia kuelekea risasi wakidhani wanaiacha nyuma. Usichague njia kwa sikio. Lala chini kwanza, pale pale ulipo. Nyumba ya mbao haizuii risasi ya bunduki, na ukuta wa matofali membamba mara nyingi hauzuii. Ukingo wa udongo, mtaro, au ukuta mnene wa mawe ya volkano ni bora. Ngoja mpaka kimya kidumu, si mpaka kipungue.

Na watoto wakileta nyumbani vile vipande vya chuma walivyookota shambani, vyenye matundu, vinavyong'aa, wanavyotumia kama filimbi au magurudumu ya gari la kuchezea: kipande chenyewe hakilipuki. Waulize walikipata wapi, kwa sababu penye kipande cha bunduki hapakosi kuwa na risasi nzima au guruneti kwenye majani. Pahali hapo paonyeshwe chifu au watu wa kutegua mabomu, na mbuzi wafungwe upande mwingine.